Mtoto Aliyekataa Majina

Saa saba mchana Wangila alirudi nyumbani kula, akakuta Makokha ameshavuka mto.

Niseme mapema huyu Makokha ni nani, usije ukaenda kumuulizia mtaani Tuwani, Kitale. Makokha alikuwa mtu wa kwenye gemu. Mrefu, mwembamba, kofia pana, panga mkononi, kazi yake kutembea nchi isiyo na mwisho akipigana na kila alichokutana nacho. Wangila ndiye aliyemtengeneza, akamchagulia sura na mwendo, na kwa miaka minne hakuna kidole kingine kilichowahi kumwendesha. Asubuhi ile alimwacha upande wa huku wa mto, akazima mashine, akaweka padi ya kuchezea juu ya kabati. Sasa televisheni ilikuwa inawaka. Padi ilikuwa pale pale juu ya kabati, na Makokha alikuwa ng'ambo ya pili, amesimama, nguo zinachuruzika maji.

Wangila akamuuliza mkewe, Nabwile, kama amegusa gemu. Nabwile alikuwa chumbani na mtoto wao wa wiki tatu, macho mekundu, nywele hazijaona kitana tangu juzi. Akamjibu kwamba yeye hata mkono wa kufungia kanga yake vizuri hana, sembuse wa kucheza. Kisha akageuka ukutani, kwa kuwa mtoto alikuwa ameanza tena.

Mtoto yule alilia tangu siku ya nne ya kuzaliwa. Alilishika titi, akavuta mara mbili, akaliachia kama limemchoma, akalia. Kliniki walimpima, wakamchoma kidole cha mguu, wakamtazama koo, wakasema hawaoni ugonjwa. Walichoona ni kilo zinazopungua. Jina hakuwa nalo bado. Kwenye kadi yake paliandikwa Baby, basi.

Sebuleni palinuka ugoro. Ugoro ule mkali uliosagwa na magadi, wa wazee, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu wa kuvuta ugoro. Wangila akafungua dirisha, akala ugali wake amesimama, akaitazama saa. Zilibaki dakika ishirini kabla ya kurudi kazini. Mtu mwenye akili angeenda kumpokea mkewe mtoto kwa hizo dakika ishirini. Yeye alichukua padi.

Haya, tusimwonee. Mwanzoni gemu ile ilimsaidia, na asiyejua hilo hatamwelewa. Makokha lilikuwa jina la baba yake, mkulima wa Matulo, kule karibu na Webuye, aliyekufa ghafla akiwa anapiga mahindi dawa. Kwa Wabukusu, siku ya tatu baada ya mazishi watu wa nyumba hunyolewa nywele, na mambo ya marehemu husemwa wazi, na mtoto wa kwanza wa kiume hukaa mbele. Wangila ndiye alikuwa wa kwanza. Aliondoka siku ya pili. Aliwaambia wazee kwamba ameitwa kazini, kumbe hakuna aliyemwita. Wikendi ile kulikuwa na mashindano ya gemu mtandaoni na yeye alikuwa ameshajiandikisha. Alifika Kitale, akacheza, akashindwa raundi ya kwanza, kisha akakaa kitandani siku nzima akijionea haya hata kunawa uso.

Usingizi ukamkimbia wiki mbili. Ndipo akaanza gemu mpya, akatengeneza mtu mrefu mwenye kofia na mwendo wa baba yake, na mashine ilipouliza jina, akaandika Makokha. Alilia akiandika. Usiku ule alilala hadi kukapambazuka. Kwa miezi kadhaa ikawa hivyo, anacheza saa moja, anajiona ametembea na mzee kidogo, analala vizuri. Hata pale kazini walisema amechangamka.

Tatizo ni kwamba saa moja ikawa tatu, na tatu zikawa mpaka jogoo. Kazi yake ilikuwa kukagua mahindi kwenye stoo moja pale Kitale, kuchoma bambo kwenye gunia, kutoa punje, kuona kama yamekauka. Mwaka wa kwanza tumbo lilianza kumtangulia mlangoni. Mwaka wa pili macho yakaanza kumwonyesha magunia mawili palipo moja. Mwaka wa tatu kifundo cha mkono wa kulia kikafa ganzi, bambo haliingii, vijana wa stoo wakawa wanamchomea na kuchekeana mgongoni mwake. Mwaka wa nne ikawa sukari. Daktari alimuuliza huwa anakaa kufanya nini saa zote hizo, naye akasema anaandika ripoti. Nabwile alijua anacheza, lakini hakuwahi kuketi amtazame, na jina lile hakulijua. Wangila alilificha hilo kuliko mtu afichavyo mwanamke wa nje.

Kwa hiyo kesho yake baada ya mto kuvukwa, alifunga mashine kwenye gunia la mahindi akaipeleka kwa Muigai. Muigai alikuwa fundi wa vitu vya umeme, mtoto wa wakulima wa Kachibora, mtu wa maneno mengi na utani. Aliifungua mashine huku akimtania Wangila kwamba wazee siku hizi wanacheza kuliko watoto wao. Kisha akachukua tochi, akamulika ndani muda mrefu.

"Umetumia hii lini mwisho?"

"Jana."

"Mzee, usinione mjinga." Muigai alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine kibandani. "Hii iliungua kitambo. Ona, vumbi imelala juu ya pale pameungua. Hiyo ni vumbi ya miezi, bana. Hii kitu haiwezi waka."

Muigai akarudisha skrubu haraka haraka, moja ikamponyoka ikaanguka, hakuitafuta. Alisema alijifunza kazi Mombasa, na fundi aliyemfundisha alikuwa akisema kuna vitu vinazurura vikitafuta pa kukaa, na kule wanaviita majini. Alisema yeye ni mtu wa kanisa na hayo hayamhusu. Ila mashine hiyo isilale kwake hata dakika moja. Alipoirudisha ndani ya gunia aliishika kwa kitambaa.

Ungedhani Wangila aliitupa. Aliirudisha nyumbani, akaiweka mezani, akazungusha waya vizuri akaufunga kwa mpira, na wala hakuuchomeka ukutani. Jioni televisheni ikawaka. Akacheza. Huo ndio ukweli, na ndio uliomfanya asiweze kumwangalia mkewe machoni siku nne zilizofuata.

Ijumaa mtoto alipimwa tena, akawa amepungua tena. Usiku huo Senge Jentrix akapiga simu kutoka Matulo. Senge kwa Wabukusu ni shangazi; huyu alikuwa dada ya marehemu Makokha, mwanamke wa kanisa, mwenyekiti wa akina mama, asiyependa mchezo. Akasema waache kuzunguka kliniki na wamlete mtoto nyumbani, maana mtoto anayelia hivyo anadai jina, na ataendelea kudai mpaka apewe.

Jumamosi saa nne asubuhi walikuwa barazani Matulo, jua limewaka vizuri, kuku wanapekua chini ya mgomba, akina mama wa kanisa wamekaa kwenye mabenchi. Senge Jentrix aliomba kwanza, kwa jina la Yesu, akasema amina. Kisha akampakata mtoto, akamwambia Nabwile akae karibu na titi tayari. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unaita majina ya waliokufa katika ukoo, moja moja, na lile ambalo mtoto atalinyamazia na kunyonya, hilo ndilo lake; mwenye jina amerudi kukaa na watu wake. Ni majina ya waliokufa tu. La mtu aliye hai haliitwi kabisa, kwa sababu mwenyewe bado analitumia.

Senge akaita Mukhisa. Mtoto akalia. Akaita Sifuna. Mtoto akalia. Akaita mengine mawili ya zamani sana, na mtoto akalia mpaka sauti ikakwaruza. Wote walikuwa wanajua jina linalokuja, na Nabwile alikuwa ameshafungua blauzi.

"Makokha," Senge akaita.

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa, akafungua mdomo. Na hapo hapo, kutoka mfukoni mwa Wangila, mtu akasafisha koo, mara mbili fupi na moja ndefu, vile mzee alivyokuwa akifanya akikaribia mlango wa jikoni, na sauti nzito, ya karibu, ikasema, "Niko."

Wangila akaishika simu kupitia nguo ya suruali. Ilikuwa ya moto. Alikuwa ameizima kabla ya maombi, kila mtu alimwona, na sasa ilikuwa inatetemeka dhidi ya paja lake, na alipoitoa kidogo akaona ujumbe wa gemu kwenye kioo, kwamba Makokha yuko mchezoni. Harufu ya ugoro ikapanda barazani hivi kwamba mama mmoja akapiga chafya. Mtoto alipiga kelele ya ajabu, akakaza mgongo, midomo ikageuka rangi ya zambarau, na ikabidi Senge ampulizie usoni ndipo akavuta pumzi.

Senge Jentrix akawatazama wote mmoja mmoja, akaishia kwa Wangila.

"Hili jina limekaliwa," alisema polepole. "Mtu amepatia kitu kingine jina hilo. Wangila, wewe ndio kifungua mimba. Umepatia mtu jina ya mzee?"

Hebu jiweke pale. Akina mama kumi wa kanisa, ami zako wawili, mke wako na titi nje, na mtoto anakufa. Inabidi useme kwamba jina la baba yako umempa katuni, na ulifanya hivyo kwa sababu ulikimbia siku ya kunyolewa ili ukacheze. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

"Hapana, Senge," akasema.

Senge akasema kama ni hivyo yeye hawezi kuendelea, kwa kuwa kuna mtu amelishika jina na ni yeye tu awezaye kuliachilia, kwa kulisema mbele ya watu. Muuguzi wa zahanati aliitwa, akamtazama mtoto, akasema asipokunywa kitu hadi jioni apelekwe hospitali kubwa Bungoma bila kungoja. Gari katika boma lile lilikuwa moja tu, la Wangila. Naye akasimama akasema anakimbia Kitale kuchukua kadi ya bima waliyoisahau, saa kumi na moja atakuwa amerudi, kisha awapeleke. Nabwile akamshika mkono wa shati. Alimwambia, "Usichelewe. Nakuomba." Hakuwa amemwomba kitu miaka mingi.

Kadi ya bima ilikuwa kwenye waleti yake. Mpango wake ulikuwa mwingine: amfute Makokha kimya kimya, jina liwe huru, mtoto anyonye, na asiwepo mtu duniani wa kujua. Alifika Tuwani saa nane na nusu. Jua lilikuwa kali nje, watoto wa jirani wanaruka kamba, lakini alipofungua mlango sebule ilikuwa na giza la mapazia ambayo hakuyafunga, na televisheni inawaka, na waya wa mashine bado umefungwa kwa mpira juu ya meza, haujachomekwa popote.

Makokha alikuwa amesogea. Alikuwa amesimama karibu kabisa na kioo, uso umejaa kioo chote, kofia ameivua ameishika kifuani, na macho yale ambayo Wangila aliyachagua mwenyewe kutoka kwenye orodha ya macho yalikuwa yanatazama mlangoni tangu kabla hajaingia. Wangila akaketi. Akachukua padi kwa mkono uliokufa ganzi, akatafuta mahali pa kufutia. Mashine ikauliza kama ana hakika anataka kumfuta Makokha. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Hedifoni zilikuwa mezani, mbali na masikio yake, na sauti ikatoka humo, ndogo, ya mtu aliyechoka.

"Unaondoka mapema tena?"

Wangila akaanza kulia. Akasema anaomba msamaha, ana mtoto.

"Kaa kidogo. Tuvuke hapa tu."

Akasema moyoni basi, hapa tu, ni daraja moja, dakika tano, mzee avuke halafu nimfute kwa heshima, na akabonyeza kurudi, na Makokha akavaa kofia akageuka akaanza kutembea, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kifundo cha mkono hakikuuma, ganzi ikatoka vidoleni kama maji yanavyotoka kwenye nguo inayokamuliwa, macho yakaona jani moja moja la mti wa mbali, tumbo likawa jepesi, na wakavuka daraja, na mbele ya daraja kulikuwa na kilima kidogo tu, na nyuma ya kilima shamba la mahindi linalofanana na la Matulo, na mzee akawa anamweleza habari za mbegu na mvua kwa sauti ya karibu, na kulikuwa na kitu kinapiga kelele mahali fulani, kinatetemeka juu ya mbao, kinanyamaza, kinatetemeka tena, lakini kilikuwa mbali na hakikumhusu, na Wangila aliwaza kwamba kumbe mtu anaweza kuwa mzima namna hii, na wakaendelea kutembea.

Kengele ya kanisa ndiyo iliyomtoa. Ilikuwa Jumapili, saa tatu asubuhi. Suruali ilikuwa imelowa na kukauka na kulowa tena. Midomo ilikuwa imepasuka. Simu ilikuwa imeanguka chini ya meza, na juu yake zilikuwa zimeandikwa simu arobaini na moja alizokosa, zote za Nabwile, ya kwanza saa kumi na moja na dakika mbili jioni, ya mwisho saa sita usiku. Baada ya hapo hakupiga tena.

Wangila hakubadilisha nguo. Aliitia mashine kwenye gunia, akaendesha gari akiona barabara mbili, na njia nzima akilini mwake aliona jeneza dogo. Hakujaribu kupiga simu kuuliza. Alikuwa ameshakubali kwamba atafika, na atasema yote, na wamfanye watakavyo.

Boma lilikuwa kimya. Watu walikuwa barazani, wale wale wa jana, na hakuna aliyemwitikia salamu. Alipiga magoti kwenye vumbi, suruali ile ile inanuka, akaweka gunia mbele ya Senge Jentrix, akasema. Alisema kwamba jina alilitoa yeye. Alisema lilikaa ndani ya gemu. Alisema hakuitwa kazini ile siku ya pili baada ya mazishi. Alisema jana alikuwa nyumbani, amekaa, simu inalia, na hakuna kitu kilichomzuia kuja ila yeye mwenyewe. Sauti ilikuwa inamkatika lakini hakuacha neno hata moja. Alipomaliza alimwomba Senge aite sasa, aite Makokha, njia iko wazi.

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililomtisha. Akainua macho, akamwona Nabwile pembeni, amekaa kwenye kigoda, amejifunika leso begani, na chini ya leso kulikuwa na sauti ndogo ya mtu anayemeza. Mtoto alikuwa ananyonya.

"Ameanza usiku," Senge Jentrix alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko alivyotarajia. "Tulitafuta gari kila mahali, hakuna. Mama yake alikuwa hapo nje na simu, amembeba begani, anakuita. Wangila, Wangila, Wangila. Mtoto akanyamaza. Tulidhani amekufa. Kumbe anatafuta titi."

Wangila akatabasamu. Hakuwa ameelewa bado, maskini. Akasema Mungu asifiwe.

"Nikajaribu tena, ndio tuwe na hakika," Senge akaendelea. "Nikaita Mukhisa, akalia. Nikaita Makokha, akalia sana. Nikaita lako, akanyonya. Mara tatu nimeita. Hawa wote walikuwa hapa."

"Lakini Senge, si ni majina ya waliokufa tu?"

"Ndio."

"Mimi niko hapa."

Senge Jentrix alimtazama muda mrefu, tumbo, macho yaliyovimba, mkono wa kulia uliokunjika hauwezi kunyooka, suruali. Alikuwa analia, na hakujificha. Kisha aliinama, akamuuliza kwa sauti ya chini, ya kumstahi, kama anavyoulizwa mgonjwa mbele ya wageni.

"Wangila, ulikufa lini?"

Wangila akajikokota kwa magoti mpaka kwenye kigoda, akanyoosha ule mkono mzima, wa kushoto, amguse mwanawe mguu tu, ule unaochungulia chini ya leso.

Nabwile akauvuta mguu ndani, akaufunika.

"Usimguse," alisema, bila kumtazama. "Wangila ameshalala."